Dakika Ishirini Kutoka Songwe

Zile kilomita mia nane kati ya viwanja vya ndege vya Songwe na Bukoba zilikuwa sasa safari ya dakika ishirini. Kwa hiyo sheria ilimtaka kila mtu arudi kulala katika mji alikoandikishwa.

Mama Subilaga alitua mfuko wake wa mchele wa Kyela mbele ya afisa wa uwanja wa Bukoba.

"Binti yangu kajifungua jana. Nimekuja kumtunza mzazi siku arobaini."

"Hongera, mama. Uje kila asubuhi, jioni urudi."

"Na mtoto akilia usiku, alie akingoja ndege?"

Afisa alicheka. "Basi hamia huku. Ila ukihama, huruhusiwi kulala kwako kule ulikotoka mpaka mwaka uishe."

Mama Subilaga alimfikiria mumewe aliyeishi naye miaka thelathini.

"Andika," alisema.

Kisha akampigia mumewe simu, akamweleza bila kuzunguka.

"Yaani nimfuate mke wangu kwa ndege, na jioni nifukuzwe?"

"Ndiyo hivyo, Baba Subilaga."

"Haya. Kesho mchana mnapika nini?"