Kura za Radi

"Usipokee simu ya Mtendaji," mama alisema. "Akikupigia, kata. Yule ndiye anayewachochea watu."

Leokadia alikuwa amesimama katikati ya duka la viatu, barabara ya Zhanxi, Guangzhou, China, kiatu kimoja mkononi, mikokoteni ikipita kwa fujo nyuma yake. Aliibana simu sikioni.

"Anawachochea wafanye nini, Mama?"

"Wamepiga kura za siri. Kijiji kizima, pale uwanja wa shule. Kila mtu kaandika jina la anayeleta radi. Njoo unichukue, mwanangu. Njoo upesi."

Simu ikakatika.

Mwenye duka alimsukumia kalkuleta aandike bei yake. Leokadia hakuiona. Akaketi juu ya maboksi.

Alijua kura zile zinakoishia. Alipokuwa msichana, bibi mmoja pale kijijini kwao, Bukokwe, alitajwa hivyo hivyo, kwa vikaratasi vilivyokunjwa, na serikali ya kijiji haijafunga kikao, nyumba ya bibi ilikuwa inawaka. Hakukamatwa mtu. Wote walisema hawakuona kitu.

Mwaka jana yeye mwenyewe alinunua mtego wa radi hapa hapa Guangzhou, fimbo ndefu ya shaba ya kuipeleka radi ardhini, akautuma nyumbani na mzigo, fundi akaufunga juu ya paa la mama. Alitaka kutuma mwingine wa shule, bure. Kila kikao halmashauri ya kijiji iliahirisha kuujadili. Aliyemtetea ni Joshua peke yake, yule Mtendaji wa kijiji.

Mvua zilipoanza, watu waliona moto ukishuka juu ya paa lile, na kulipokucha wakamkuta mama anafagia uwanja kama kawaida. Kisha radi ikaua ng'ombe wa mwenyekiti. Kisha ikampiga Method, mtoto wa kaka yake Leokadia, mjukuu aliyelelewa na mama tangu anaachishwa ziwa. Walimkuta njia ya kisimani, ndoo bado imejaa.

Tangu mazishi, mama alikuwa na swali moja tu. Kile chuma, mwanangu, ulipewa na nani? Leokadia alimjibu kila mara kwamba hakupewa, alikinunua dukani. Mama alisema sawa, na kesho yake akauliza tena.

Swalha, mwenzake kutoka Dar es Salaam waliyekuwa wakijaza naye kontena moja, alimkuta pale juu ya maboksi. Leokadia akamsimulia.

"Si umpigie huyo Mtendaji umsikie?" Swalha akasema.

"Mama kakataza."

"Lakini si ndiye alikuwa upande wako?"

"Watu hugeuka, shoga. Anaogopa asije akatajwa na yeye."

Wakati huo huo simu ikalia. Mtendaji Joshua. Leokadia akaikata. Ikalia tena, akaikata tena. Mwishoni akaizuia kabisa ile namba.

"Mzigo nitaupeleka bandarini Nansha mwenyewe," Swalha akasema, akimshika bega. "Wewe nenda kwa mama."

Alikuwa ndani ya teksi, anaelekea uwanja wa ndege, mama alipopiga tena.

"Umepata ndege?"

"Nimepata. Umejificha wapi?"

"Nipo... nipo ndani."

Nyuma ya sauti ya mama mwanamume alikohoa, na mwingine akamnyamazisha.

"Mama! Nani yuko hapo? Wamekushika?"

"Usiulize. Ukishuka Mwanza usipite polisi. Kwa kaka yako usipite. Njoo moja kwa moja nyumbani, uje peke yako."

"Nakuja, Mama. Vumilia. Waambie nakuja, wasikuguse."

"Nitawaambia," mama alisema.

Kwenye foleni ya kuingia ndegeni alikuwa amefumba macho, midomo inasali Salamu Maria bila sauti. Kila alipofika katikati aliona paa la mama likiwaka, akaanza upya. Simu ikatetemeka mkononi. Namba ngeni, ya nyumbani. Akadhani ni mama.

"Dada Leokadia, usikate, nakuomba. Ni Joshua, nimeazima simu."

"Mwachieni mama yangu!" Watu kwenye foleni waligeuka. "Nyumba chukueni! Chuma king'oeni mkitupe! Mama mwachieni!"

"Nisikilize kwanza. Uko wapi?"

"Nakuja. Na nikimkuta ana hata mkwaruzo mmoja, Joshua, Mungu anaona..."

"Usipande hiyo ndege."

Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya ukuta.

"Vile vikaratasi nilivifungua mimi mwenyewe. Niliwaambia ni kinyume cha sheria, wakanisukuma, wakanilazimisha nisome. Jina la mama yako sikulikuta, dada. Nililolikuta ni lako."

Mhudumu alinyoosha mkono kutaka tiketi. Nyuma ya Leokadia mtu alimgusa kwa mkoba ili asogee.

"Basi yeye wamemshikia nini?" Leokadia aliuliza.

"Hajashikwa na mtu. Mwenyekiti aliuliza mkutano ni nani atakayekuleta kutoka huko China, tukakaa kimya wote. Yeye ndiye aliyesimama. Alisema, 'Niachieni mimi. Mimi nikimwita, atakuja.'"