Mdomo Haulei Watoto

Kiatu kiliruka juu ya kiti, kikatua katikati ya gazeti la abiria wa mbele.

"Samahani, mzee wangu," alisema baba wa watoto, akinyoosha mkono kukichukua. Mkono wa pili ulikuwa na kitindamimba, aliyekuwa akilia tangu ndege ianze kukimbia ardhini.

Mwenye gazeti alirudisha kiatu bila kugeuka.

Mwenye kiatu alikuwa wa kati, mvulana waliyemwita Treni kwa sababu akishaondoka hana breki. Dirishani alikaa dada yake, Wakili, ambaye hajawahi kupewa amri asiikatie rufaa.

"Nataka mama," alisema Treni.

"Jana tulikubaliana nini?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

Wakili ndiye aliyejibu. "Kwamba humu ndani ni sisi na wewe tu. Hamna kumwita mama."

"Basi."

"Hata nikilia?" aliuliza Treni.

"Hata ukilia."

Wakili aliyatazama mawingu, kisha akamtazama kitindamimba mkononi mwa baba. "Mama hamtikisi hivyo. Unamtikisa kama chupa ya dawa."

Baba aliacha kutikisa. Alijaribu bega la kushoto, la kulia, goti, chupa ya maziwa, wimbo. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Hakuwa na haki ya kulalamika, maana maneno aliyatoa mwenyewe. Kwenye simu alimtambia mama mkwe kwamba watatu hawa atawafikisha kwa mikono yake miwili, bila kumwomba mtu msaada.

"Mdomo haulei watoto, mkwe wangu," mama mkwe alijibu. "Ukishindwa, utakiri mwenyewe, mezani, mbele ya ukoo mzima."

Na ukoo mzima ulikuwa uwanjani ukiwasubiri. Ukoo ule ukikupata na kichekesho, hukuzika nacho.

Taa ya mikanda ilipozimika tu, Treni aliondoka. Alipita chini ya mkono wa baba, akapita kando ya mhudumu na toroli lake, akashika njia kuelekea mbele. Baba alimfuata na kitindamimba kwapani. Alimdaka karibu kabisa na pazia, mahali ambapo abiria mmoja alikuwa amelala, blanketi mpaka utosini, soksi nyekundu tu zikiwa nje. Kidole cha Treni kilikuwa kimebakiza kidogo kuzigusa.

Baba alimziba mdomo, akarudi naye kwa hatua za mwizi wa kuku. Sasa walikuwa wakilia wawili.

Ng'ambo ya njia alikaa bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikuwa amevumilia vya kutosha.

"Mama yao yuko wapi?"

Baba alitikisa kichwa upesi, akimwonyesha watoto kwa macho. Midomo ya Treni ilikuwa imeshaanza kutetemeka upya.

Bibi aliweka mkono kifuani. "Maskini. Na wadogo hivi. Pole, mwanangu."

Baba alifungua mdomo. Lakini bibi alikuwa ameshampokea kitindamimba, akamlaza kifudifudi mapajani, akampapasa mgongo, na kilio kikakatika kama redio iliyozimwa.

Baba akafunga mdomo. Hakuomba. Alipewa. Kuomba na kupewa ni vitu viwili.

Bibi alimnong'oneza jirani yake, jirani akamnong'oneza wa nyuma. Mwenye gazeti aligeuka, macho yake yamelainika, akachana ukurasa wa michezo na kumkunjia Treni ndege. Mwanamke wa nyuma alimwita Wakili, akamtengeneza nywele. Mhudumu alileta juisi ambazo hazikuagizwa, akamgusa baba bega. Kila "pole" aliipokea kwa kuinamisha kichwa. Hakutulia, hata hivyo. Alifunga mkanda, akaufungua, akachungulia mbele, akaufunga tena.

"Usijitese," alisema bibi kwa sauti ndogo. "Nyumba haikai bila mwanamke. Nina mtoto wa dada yangu, muuguzi, hana makuu. Nipe namba yako."

"Bado mapema, bibi."

"Mapema kwa nani? Nepi zinajua mapema?"

Baba alitaja namba. Ya mwisho aliikosea makusudi.

Ndege iligusa ardhi, ikadunda, ikakimbia, ikatulia. Watu walisimama na kuanza kuvuta mizigo.

"Sisi tutangoja wote washuke," alisema baba.

"Thubutu," alisema bibi. Alikuwa ameshasimama njiani, kitindamimba begani, akipasua watu kwa kiwiko. "Mpisheni, jamani. Mpisheni mfiwa."

Walimpisha. Mwenye gazeti alibeba begi la nepi, mwanamke wa nyuma alimsukuma baba taratibu kiunoni, na hapakuwa na njia ya kurudi. Safu baada ya safu walimsogeza mbele, mpaka karibu na pazia, ambako abiria wa soksi nyekundu alikuwa amesimama akijinyoosha, uso mwororo kwa usingizi, akitoa pamba masikioni.

"Mwanangu, mpishe huyu baba," bibi alimwambia. "Amefiwa na mkewe. Ona anavyohangaika na watoto."

Mwanamke wa soksi aliwatazama watoto, mmoja mmoja. Kisha akamtazama baba yao, akakawia hapo.

"Baba," alisema Wakili, "ndege imesimama. Sasa tunaruhusiwa kumwita mama?"

"Pole sana, Baba Wakili," alisema mwanamke. "Nimezikwa wapi?"