Gereji Isiyo na Shimo

“Shimo sitaki.”

Fundi ujenzi aliacha kuvuta kamba akageuka, kigingi kingali mkononi. “Bosi, gereji bila shimo? Chini ya gari utaingiaje, utatambaa kama mjusi?”

“Litajaa maji,” alijibu mume, bila kunyanyuka kwenye kiti chake cha plastiki. “Ardhi hii ukiichimba kidogo tu, inalia. Nitakuwa nafuga mbu. Nitatengeneza pampu na jenereta, vitu vya mezani.”

Mkewe, aliyekuwa akianika nepi palepale uani, alisikia yote. Akauma kibanio cha nguo asije akasema neno. Mwanamume huyu ujana wake wote ameumalizia chini ya magari. Hata siku ya harusi yao ilibidi wakamtoe chini ya lori, oili mpaka masikioni. Leo pampu?

Tangu mtoto azaliwe, mumewe alikuwa amebadilika. Hakumtukana, hakumnyima kitu, alijitenga tu. Alilala ukingoni mwa kitanda, soksi miguuni, katika joto ambalo hata shuka lilikuwa adui. Mke akimsogelea, alijikunja. “Acha, mke wangu. Nimechoka.” Halafu ghafla akaja na habari za gereji: yake mwenyewe, uani kwake, lakini iachane na nyumba, ili harufu ya petroli na kelele visimfikie mtoto.

Wifi yake alicheka aliposikia. “Mwanamume akianza kujijengea banda lake, wewe jiandae tu. Leo zinahamia spana, kesho godoro.” Ulikuwa utani, lakini ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

“Haya,” fundi alisema, akachomeka kigingi. “Sakafu tuinyanyue, unyevu usipande. Mlangoni nakuwekea ngazi.”

“Inyanyue, ila ngazi hapana. Weka mteremko, mvua ikiingia iteremke yenyewe.”

“Mlango?”

“Mpana. Na mwingine upande wa pili, upepo upite.”

“Meza ya kazi?”

Mume akanyoosha kiganja hewani, usawa wa tumbo lake, palepale alipoketi.

“Hiyo si meza ya chekechea?”

“Joto hili, nani atasimama kutwa? Nitafanya kazi nimekaa.”

“Na swichi za taa?”

“Usawa huohuo. Huko juu bati likitoa jasho alfajiri, ukuta wote unachuruzika.”

Fundi akapiga kofi pajani. “Bosi, umeanza kusinyaa? Shemeji! Huyu unamlisha kweli?”

Wanaume walicheka. Mke alitoa kibanio mdomoni, akabana nepi, akachukua nyingine.

“Halafu nataka njia ya saruji,” mumewe aliendelea, sauti imeshuka kidogo. “Kutoka mlango wa jikoni mpaka hapa. Iwe laini, isiwe na kokoto hata moja. Na dirisha kubwa, litazame jikoni.”

Kumbe ndivyo alivyopanga, mke aliwaza. Atakaa huko, mimi nimpelekee sahani kama mpangaji.

Angevumilia, kama si lile begi. Asubuhi ile, akifagia uvungu wa kitanda, ufagio uligonga begi lililofungwa tayari kwa safari. Ndani mlikuwa na taulo, mswaki na kaptula mpya. Mumewe hakuwahi kuvaa kaptula. Siku zote alisema kaptula ni za watoto wa shule na watalii. Sasa hizi kamchagulia nani? Alilirudisha begi mahali pake, akamnyonyesha mtoto huku machozi yakimdondokea mtoto shavuni.

Fundi alikusanya kamba zake, akaaga, akaenda kuangalia mabati dukani. Mke aliingia ndani, akamchukua mtoto, akatoka kusimama mbele ya kile kiti cha plastiki.

“Kama kuna mwingine, niambie. Nina mtoto mchanga, sina nguvu za kubahatisha.”

“Mwingine nani?”

“Huyo aliyekununulia kaptula.”

Tabasamu lilimjia mumewe, likafia njiani. Akanyoosha mikono apewe mtoto. Mke alisita, kisha akampa. Mume akamlaza mapajani taratibu, akamkinga jua kwa kiganja.

“Nilitaka fundi amalize kupima kwanza,” alisema. “Nikikwambia, uwe unaona kwa macho yako nitakaa wapi, nitafanya nini. Usiseme nimewatupa.”

“Kwa hiyo ni kweli unaondoka.”

“Jumatatu.”

Mke alishika kamba ya nguo. Nepi zote zikatikisika. “Na ningeambiwa lini? Ukiwa barabarani?”

“Kila siku nilitaka kukwambia. Nakutazama umembeba huyu, maneno yanarudi tumboni.”

“Unakwenda kwa nani? Sema jina lake tu, nimjue.”

Mume alimtazama mtoto, si mkewe.

“Hospitali,” alisema. “Wanaanza kukata mguu wa kushoto.”