Shati la Mume wa Mwanamvua

Siku Mwanamvua aliposafisha kabati, alijaza gunia zima la nguo za mumewe, akalipeleka kwa fundi Makame. Mji mzima ulimpelekea nguo zisizotakiwa, naye alizikata na kushona mablanketi ya viraka. Desturi yake ilikuwa moja tu: nguo ya aliye hai aliianzia kwenye pindo, ya marehemu kwenye kola.

"Anzia kola," Mwanamvua alisema.

"Pole, dada. Mbona sikusikia msiba?"

"Wewe na kelele za cherehani yako utasikia nini?"

Makame akacheka. Msiba haukuwapo. Mume alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine, mtaa wa pili tu, na Mwanamvua alikuwa amechoka kumngoja.

Mkasi ulipouma kola ya shati jeupe, mtu alikohoa. Dukani walikuwa wawili tu, na hakuna kati yao aliyekohoa. Makame akaligusa shati, akaurudisha mkono haraka.

"Lina joto, dada, kama limevuliwa sasa hivi. Huyu bwana amekufa, au amekukera?"

"Kwangu mimi amekufa."

"Mkasi wangu haujui mambo ya kwangu na kwako. Nikimaliza kola, amekufa kweli. Nikigeukia pindo, atabaki hai, na wewe utapata blanketi. Sema."

Mwanamvua alinyoosha mkono, akauchukua mkasi. Mezani, kifua cha shati kilipanda na kushuka polepole, kama cha mtu anayejifanya amelala.