Mume wa Bibi

Siku hizi nywila hazipo. Akaunti ya mtu hufunguliwa na aliyemlea. Mimi nimelelewa na Bibi Zaituni, mama yake mama yangu. Akisema kwenye simu, “Ndiye,” basi kila kilicho changu kinafunguka, kuanzia benki hadi mlango wa nyumba yetu. Naye hunitambua kwa utani wetu: mimi namwita mke wangu, yeye ananiita mume asiyeleta hata kitenge. Utani huo niliuweka mtandaoni, watu wakavunjika mbavu.

Leo kitenge nilikuwa nacho! Nilitoka kazini Mtwara bila kumwambia, nikashuka stendi nacheka peke yangu kama mwehu. Nilipofika nyumbani nikagusa mlango. Haukufunguka. Nikatazama simu yangu: “Akaunti imehamishiwa simu nyingine.”

“Mke wangu, fungua! Mumeo nimekuja na kitenge!”

Bibi akaja dirishani, simu sikioni, uso umejaa furaha. Haoni vizuri kwa sababu ya mtoto wa jicho, kwa hiyo alinisikiliza tu.

“Mume gani tena? Wangu ninaye hapa kwenye simu. Amenunua simu mpya, nimeshasema ndiye.”

“Bibi, huyo ni mwizi! Mbaruku ni mimi!”

Akaishusha simu sikioni. Sauti kwenye simu ikauliza kwa upole, “Mke wangu, nani anakusumbua?”

“Sijui,” Bibi akaijibu. Kisha akanigeukia. “Mwenzio hunipigia kila jioni kuniuliza kama nimekula. Wewe ulinipigia lini?”