Mlango Usiolia

Mtoto hashiki kitu. Mwalimu wa chekechea alimwambia fundi, baba wa mtoto, hivyohivyo, bila kuzunguka. Ijumaa ikifika bila mabadiliko, mkuu wa shule atamrudisha nyumbani.

Nyumbani hakukuwa na mtu wa kubaki naye. Fundi alishinda akitengeneza milango ya watu, na wake mwenyewe ulilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Usipouinua kwa kitasa, unaamsha nyumba nzima.

"Nikimwambia moja, mbili, ananikodolea macho tu," mwalimu alisema. "Tangu lini yuko hivi, Baba?"

"Miezi saba. Zamani alikuwa kasuku, Mwalimu. Tulikuwa tunamwomba anyamaze."

"Na mama yake?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Aliondoka alfajiri moja. Nashukuru mtoto alikuwa amelala fofofo. Mimi humwambia mama yuko safarini, atarudi Jumapili."

Mwalimu alikuwa mtu mzima, watoto wengi walikuwa wamepita mikononi mwake. "Wengine hushika kwa sikio, wengine kwa mikono. Huyu sikio amelifunga. Tujaribu macho. Mwonyeshe mara moja tu, na usiseme neno."

Jioni ile fundi alikunja shati mbele ya mtoto, kimya. Mtoto akalikunja. Akafunga kamba za viatu. Mtoto akafunga zake. Kisha wakala bila kusemezana, baba na mwanawe, kiti cha tatu kikiwa kimeegemezwa ukutani kama kawaida.

Ijumaa mkuu alikuja darasani mwenyewe, mikono nyuma, na fundi naye alikuwapo. Shati lilikuwa tayari mezani.

"Haya, binti. Tuonyeshe kitu ulichojifunza kwa kutazama. Chochote."

Fundi alimwonyesha shati kwa kidevu.

Mtoto hakuligusa. Alimchukua mwanasesere, akamlaza mkekani, akamfunika hadi shingoni. Akambusu kwenye paji la uso. Akavua viatu, akavishika mkononi, akanyata hadi mlangoni. Akasimama. Akarudi, akambusu tena.

Mlango wa darasa ulikuwa mpya, haulii hata kidogo. Mtoto alishika kitasa kwa mikono miwili, akauinua, akatoka.

"Ala!" mkuu alicheka. "Na mlisema hashiki kitu?"

Mwalimu alipiga makofi. "Umemfundisha lini yote haya, Baba?"

Fundi alikuwa amemfundisha shati na kamba za viatu tu. Mtoto alikuwa amerudi ndani. Alijilaza pale pale, kando ya mwanasesere, akajifunika hadi shingoni. Akafumba jicho moja. La pili akaliacha wazi, likiutazama mlango.

"Anabaki," mkuu alisema.

Fundi hakumsikia. Alikuwa akihesabu Jumapili. Zilifika thelathini.