Nafasi Iliyobaki Wazi Kwenye Fomu

Mektrida, karani wa majalada hospitalini Moshi, aliinua picha ya eksirei dirishani. Mfupa wa juu wa mkono ulikuwa na ufa mpya. Chini yake palikuwa na mvunjiko wa zamani, umeunga ukanyooka kama rula. Akamgeukia mgonjwa, bibi kizee aliyeketi mbele yake.

“Shikamoo, bibi. Mkono huu uliwahi kuvunjika?”

“Marahaba. Kabla ya Uhuru, nikikata majani ya ng'ombe kihambani, kwenye shamba letu la migomba. Nyumbani tulikuwa mimi na kichanga tu.”

“Nani aliuunga?”

“Niliuzungushia magamba ya mgomba, fundo nikalivuta kwa meno.”

Mektrida aliutazama tena ule mfupa. Akajaza polepole nafasi iliyobaki kwenye fomu.

“Jina langu si umeshaliandika pale juu?” bibi aliuliza, akichungulia.

“Nimeliandika, bibi. Huku chini wanataka la daktari aliyeuunga mfupa.”